Mwaka Baba Alipozungumza na Paka

Baba yangu alikuwa msemaji. Naanza na hilo kwa sababu majirani waliohamia mtaa wetu wa Mkunazini baadaye walimjua kama bubu, na wengine mpaka leo wakimtaja humwita "yule mzee asiyesema", jambo linaloniudhi sana. Alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake aliiweka chumba cha chini, karibu na dirisha la uchochoroni, si kwa ajili ya mwangaza bali asipitwe na mtu. Alishona huku anasema: bei ya uzi, refa wa mpira wa jana, bwana harusi aliyepimwa kanzu mwezi wa Rajabu na kufika Shaabani kitambi kimeikataa. Mama alifariki nikiwa mdogo, na kaka yangu wa pekee alikuwa ameshahamia Mombasa. Kwa hiyo maneno ya nyumba nzima yalikuwa ya baba, na masikio ya nyumba nzima yalikuwa yangu.

Baada ya Mapinduzi barza iliyo nje ya mlango wetu ilianza kupungua watu. Wengine walisafiri. Waliobaki wakawa wanakaa kimya, kila mtu anatazama makubadhi yake, kwa sababu hapana aliyejua nani anapeleka maneno wapi. Baba hakuweza kukaa barzani bila kusema. Kwake hilo lilikuwa kama kukaa kwenye sinia bila kula. Akaingia ndani, akalifunga dirisha nusu, na yale aliyokuwa akiwamwagia wenzake akaanza kunimwagia mimi. Serikali aliisema. Waliotawala kabla yake aliwasema vilevile, tena kwa matusi mazuri zaidi, maana alikuwa na muda mrefu wa kuyatunga. Foleni ya mchele aliisema, na mchele wenyewe aliusema. Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Nikirudi adhuhuri na kelele za watoto kichwani, za baba zilinipokea mlangoni. Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, na mara nyingi nilimwambia, "Baba, hebu nivue buibui kwanza." Alicheka, akaningoja nivue, akaendelea palepale alipokatiza.

Kisha ikaja siku tuliyoambiwa kwamba watu wa asili yetu hatukuwa raia. Babu yangu mzaa baba alitoka Ngazija, kule Komoro, akiwa kijana. Baba alizaliwa Unguja, na mimi nimezaliwa chumba cha juu cha nyumba ileile. Yote hayo hayakuhesabiwa. Anayetaka kuwa raia aombe, ajifunze, ahojiwe; asiyetaka atafute kwao. Kwa sisi walimu ilikuwa wazi zaidi: asiye raia hatofundisha.

"Nani anapiga hodi kwake?" baba alisema, sindano iko mdomoni. "Mimi nikitoka msikitini nnafungua mlango wangu nnaingia. Hodi anapiga mgeni. Siombi."

Sikumlaumu. Lakini mimi sikuwa na kwingine. Ngazija niliijua kwa hadithi za bibi tu, na Mombasa nilikwenda mara moja nikaumwa tumbo safari nzima. Hapa nilikuwa na darasa la watoto waliokuwa wakinikimbilia asubuhi wagombanie kunibebea mkoba. Na nilikuwa na kiburi, hilo nalo niliseme: nilitaka wanikubali, ili kama ni kununa, ninune nikiwa ndani. Kukataliwa uraia maana yake ilikuwa kuondolewa kazini, na baada ya kazi kuondolewa mjini, na mimi mji mwingine siujui. Nikaenda kwenye tawi la chama la mtaa wetu, nikajiandikisha.

Nilimwambia baba alasiri, naye yuko kwenye cherehani.

"Darasa linaanza Jumatatu," nilisema. "Mwisho wake tunahojiwa na kamati."

"Mnahojiwa vipi?"

"Kila mtu peke yake. Wanasema mwenyekiti wa tawi ni mtu wa dini, haridhiki na maneno matupu. Unatia udhu, unaweka mkono juu ya msahafu, unaulizwa mambo yako na mambo ya nyumba yako."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akakata uzi kwa meno na kuendelea kushona. Nilikaa nikingoja mvua ya maneno, maana nilimjua. Haikunyesha, na mwisho nikaenda zangu jikoni.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, na basi. Nilimuuliza kama atakula mkate wa mofa au wa kumimina, akanyoosha kidole. Nilipotoka kwenda skuli sikuagwa kwa hadithi, na niliporudi sikupokewa kwa hadithi. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Nikafahamu, au nikadhani nimefahamu, kwamba baba amenuna.

Kwetu mtu mzima akinuna ana njia zake. Hasemi na aliyemuudhi, ila husema na kilicho karibu: ukuta, mtoto wa jirani, kuku. Bibi yangu aliwahi kumkasirikia babu Ramadhani nzima, na futari zote akimkaribisha kwa kuliambia birika. Baba alimchagua paka. Alikuwa paka dume wa mistari, sikio moja limepasuka, hana mwenyewe, na hulala juu ya vipande vya vitambaa chini ya cherehani.

"Paka," baba alisema jioni moja, "mwambie dada yako chai imepoa."

Paka hakuniambia kitu. Nilikwenda kuipasha chai moto, na machozi ya hasira yananilenga.

Darasa la uraia lilikuwa katika duka la tajiri mmoja aliyeondoka. Rafu zilikuwa tupu, lakini harufu ya bizari na samli haikuondoka naye. Tulikaa juu ya masanduku, wenzangu wa asili ya Ngazija, wake kwa waume, na Wahindi wawili watatu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa shamba, kutoka upande wa Mkokotoni, mpole, suruali yake imepigwa pasi mpaka ina makali. Kila akitamka neno "raia" alisimama wima. Raia mwema, alitufundisha, hula jasho lake. Hujitolea. Hupanga foleni hata kama mwenye duka ni mjomba wake. Habagui mtu kwa rangi wala kabila. Mali ya umma huilinda kama anavyolinda yake. Halafu akashusha sauti kidogo: raia mwema haifichi nchi yake kitu, akisikia neno baya, hata likiwa limesemwa ndani ya nyumba yake, hulifikisha.

Mengi katika hayo yalikuwa mema, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Siku za nyuma nilikuwa nikiona jinsi mtu wa shamba anavyongojeshwa dukani mpaka wenye kanzu nzuri waishe, na nilikuwa nikikasirika. Habari ya kutobaguana sikuhitaji kufundishwa na mtu. Basi nilitamani nirudi nyumbani nimwambie baba, "Leo tumesomeshwa foleni," nisikie atakavyoikata vipande na kuishona upya. Nikirudi namkuta kichwa chini. Mimi hupanda juu na redio yangu ndogo, yeye hubaki chini na paka wake, na kati yetu ngazi ya mbao inayolia ikikanyagwa.

Kijana yule alikuwa na maneno aliyoyapenda. "Raia hayuko peke yake," alikuwa akisema. "Nchi nzima ni jamaa zake." Kila nilipoyasikia niliwatafuta hao jamaa. Rafiki yangu wa tangu chuoni, ambaye watu wake walikataa kuomba kama baba, alikuwa kila akiniona anavuka uchochoro tusikutane. Nikaja kusikia kwamba kwao naitwa mpiga hodi. Skulini, walimu ambao uraia wao haukuulizwa walinipa salamu za mbali, wakingoja wajue nitaangukia wapi. Kwenye foleni ya sukari watu walizungumza mbele yangu na nyuma yangu, na nikisogea mimi mazungumzo yanageuka kuwa habari ya joto. Sikuwa wa huku wala wa kule. Nilikuwa na baba mzima ndani ya nyumba na naishi kama yatima.

Siku za Jumapili tulikwenda kujitolea. Mara moja lori lilituchukua mpaka upande wa Fumba kulima muhogo kwenye ardhi ya mawe. Mwalimu wetu alitugawia majembe huku anacheka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" Wote tukacheka kwa adabu. Moyoni nikasema, babu yangu kaingia nchi hii kabla baba yako hajazaliwa, na jembe ndiyo kwanza linanifikia mimi. Lakini nililishika. Mtu wa mjini na jembe ni kichekesho. Nilipiga jiwe, nikapiga jiwe jingine, mpaka mwanamke mmoja wa kijijini akanionea huruma. "Bi mwalimu, usiligombeze jembe," aliniambia. "Liache liende lenyewe." Nilipoliacha liende likaenda. Wanawake waliimba, nami nikaitikia, na kwa muda ule wote hapana aliyeniuliza babu yangu katoka wapi. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Kisha lori likatushusha Darajani, kila mtu akashika njia yake, na mimi nikarudi kwenye nyumba isiyosema.

Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Baba aliviona nilipokuwa nikimmiminia chai. Sura ilimbadilika, midomo ikatikisika, nikasema leo atasema.

"Paka," alisema, "mwambie dada yako mafuta ya nazi yako juu ya kabati."

"Baba, mimi niko hapa," nilimwambia. "Niambie mimi."

Akainuka akaenda kutia udhu, na magharibi ilikuwa bado kabisa. Nililia jikoni huku naupepea moto, nikausingizia moshi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Idi ya mwaka ule ilipita hivyohivyo. Zamani siku ya Idi nyumba yetu haikufungwa mlango. Watoto wa mtaa walikuja kuomba sikukuu, na baba hakumpa mtoto senti mpaka amtanie kwanza. Safari hii walipita wachache, wakapewa zao kimyakimya, wakaondoka wakitazamana. Asubuhi nilikuta nguo mpya juu ya ngazi, imeshonwa mkono wa baba, na paka amelala juu yake. Ilinikaa vizuri sana. Niliivaa mbele yake, nikageuka huku na huku kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mdogo, nikingoja aseme bega limekaa vibaya au limekaa vizuri. Alitazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akatoka kwenda kusali. Nikala biriani peke yangu.

Aliyekuwa akiukoroga ukimya wetu ni balozi wa nyumba kumi, jirani aliyekabidhiwa na tawi kuziangalia nyumba za uchochoro wetu. Alikuwa seremala, mnene, mcheshi, kicheko chake kinafika kabla yake. Mimi aliniita raia mbichi. "Vipi, raia mbichi, unaiva?" Sikuweza kumchukia, maana nilipougua homa mkewe ndiye aliyeniletea uji. Lakini kusikia ndiyo kazi aliyopewa. Jioni alikuja kukaa kwenye barza yetu, mgongo ameuegemeza kwenye dirisha la baba, akawa anachokoza.

"Mzee, mchele wa safari hii umeuonaje?"

Ilijibu cherehani.

"Mzee, wewe zamani hushikiki! Leo kulikoni? Kimya kingi kina mshindo mkubwa, yakhe."

Cherehani ikaenda mbio zaidi. Mimi nimesimama juu ya ngazi, namuomba Mungu amjaalie baba ajibu lolote, hata "Alhamdulillahi" tu, maana niliona ananiharibia kwa tawi. Nilidhani amekusudia kuninyima uraia. Nilimkasirikia mpaka kichwa kikaniuma.

Siku ya kuhojiwa nilitia udhu nyumbani, nikashuka. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nikatoka.

Kamati ilikuwa imekaa nyuma ya kaunta ya duka lilelile: mwenyekiti wa tawi, ambaye ni mzee wa kofia ya viua mwenye sauti ya chini; bibi mmoja wa makamo aliyewawakilisha wanawake, na balozi wetu. Msahafu ulikuwa mbele yao juu ya marufaa, kile kibao cha kuusomea. Nikauwekea mkono. Waliniuliza nilipozaliwa na kazi ninayofanya. Waliniuliza wajibu wa raia, nikautaja wote, na balozi akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeusikia mara ya kwanza. Bibi yule akaniuliza kama niko tayari kufundisha shamba nikipelekwa. Nikasema niko tayari. Nikaona yamekwisha.

"Sasa, mwanangu," mwenyekiti alisema, "baba yako hakuomba uraia."

"Hakuomba."

"Ya zamani sikuulizi. Zamani kila mtu kasema lake. Nakuuliza tangu ulipoingia darasani ukafundishwa wajibu wako. Mkono wako uko juu ya kitabu cha Mungu. Baba yako, ndani ya nyumba, husema nini juu ya serikali?"

Balozi alijiinamisha mbele.

"Hasemi kitu," nikasema.

"Juu ya wakubwa wa nchi?"

"Hasemi."

"Binti," balozi akadakia, "baba yako mimi nnamjua. Yule hata akilala anasema."

"Nimeapa, Balozi. Baba hasemi na mimi tangu siku niliyomwambia habari ya darasa hili. Shikamoo anaitika. Zaidi ya hapo anasema na paka."

Wakatazamana. "Anamwambia nini paka?" mwenyekiti aliuliza, bila ya kucheka.

"Anamwambia chai imepoa." Nikatafuta mengine, maana kiapo ni kiapo. "Na kwamba mafuta ya nazi yako juu ya kabati."

Bibi yule alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Balozi akacheka mpaka kaunta ikatikisika. Hata mwenyekiti akatabasamu. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya msahafu, na katika yote niliyoyasema hapakuwa na uongo hata mmoja. Hapo ndipo nilipofahamu. Nilimuona baba alasiri ile anaacha kukanyaga cherehani, anafungua mdomo na kuufunga. Hakununa. Alinisikia nikitaja msahafu, na alimjua binti yake: kwamba sitaapa uongo kwa ajili ya mtu yeyote, hata yeye, na kwamba nikisema kweli ama nitakosa nchi ama nitamtia yeye jela. Basi akahakikisha nisiwe na la kusema. Nililia mbele ya kamati kwa sauti, bila haya.

"Pole, mwanangu," bibi yule aliniambia, akinipigapiga begani. "Wazazi wengine wana roho ngumu. Lakini sasa una nchi nzima."

Nikakubaliwa.

Nilirudi nyumbani mbio, mwalimu mzima, buibui linapepea nyuma. Baba alikuwa anatia vifungo.

"Wameniuliza habari zako," nilimwambia.

Mkono wake ukasimama. Akasema na mimi, na sauti ilitoka kwa mkwaruzo, maana ilikuwa haijatumika. "Ukawajibu nini?"

"Kwamba husemi."

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Uliongopa?"

"Sikuongopa, baba."

"Alhamdulillahi," alisema, akajifuta uso kwa kanzu ya mteja.

Nikakaa chini nikamshika miguu. "Ungeniambia tu. Tungeyanyamazia yale, tukazungumza mengine."

"Mimi nnajijua, mwanangu. Nikivuta uzi mmoja, kibunda chote kinakuja. Yaliyokwisha kutoka sikuweza kuyarudisha. Nilizuia yaliyobaki."

Kisha akaniambia jambo jingine, kwa ufupi sana. Asiyeomba uraia hakai. Alikuwa ameshaomba ruhusa ya kuondoka aende kwa kaka Mombasa, nayo ilikuwa imeshatoka. Alichongoja ni mimi kukubaliwa, asije akaniacha sina mahali. Meli ilikuwa wiki ileile. Tangu alasiri ile ya kwanza alijua kwamba muda ule ndio wa mwisho wetu pamoja, na akautoa wote kwa kunyamaza.

"Basi sema sasa," nikamwambia. "Zimebaki siku chache. Sema, baba!"

Akatikisa kichwa. "Sasa wewe raia. Watakuuliza kesho, watakuuliza keshokutwa. Mimi nikiwa ndani ya nyumba hii, nimo ndani ya kiapo chako." Akainama chini ya cherehani. "Paka, mwambie dada yako asinikasirikie."

Siku ya safari alivaa koti juu ya kanzu, akafunga chumba cha cherehani, na tulipokanyaga uchochoro tu, akaanza. Alisema kutoka Mkunazini mpaka bandarini. Alisema juu ya mama, kwamba alikuwa akisahau na kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, na yeye akila akisifu, na alipofariki mchuzi wa kila mtu ukawa chapwa. Aliniambia paa linavuja wapi na fundi gani wa chokaa nisimwamini. Alisema nguo ile ya Idi bega la kushoto lilikuwa limekaa vibaya, na kwamba aliteseka siku nzima kwa kutolisema. Serikali pia aliisema, kwa Kingazija, ambacho alijua mimi nakisikia nusunusu, huku anacheka mwenyewe, na watu wanageuka kumtazama mzee bubu wa Mkunazini. Hakunipa nafasi ya kutia neno, na sikuitaka. Nilitembea polepole ili njia isiishe, lakini kutoka kwetu mpaka bandarini si mbali.

Langoni askari alisema asiye na tikiti aishie hapo. Baba akaweka mkoba wake chini.

"Haya," alisema. "Mimi nshasema. Sasa sema wewe."

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na darasa la foleni, na jembe la Fumba, na mpiga hodi, na biriani ya Idi niliyokula peke yangu. Nilitaka kumwambia kwamba nimemfahamu. Nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Si kwa sababu ya kilio, maana sikuwa nalia. Kimya kile kilikuwa kimeniingia mwilini siku baada ya siku, na sikujua kama kimo mpaka nilipotaka kitoke. Baba alingoja. Nyuma yake watu wanasukumana na mizigo. Akangoja tena, kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniombea dua, akachukua mkoba wake akapita. Sikumuona tena. Alizikwa Mombasa, na ruhusa ya kusafiri niliyoiomba ilikuja arubaini yake imeshapita.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipoingia uchochoroni kwetu balozi alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, mgongo kwenye dirisha lililofungwa. Aliniona tangu mbali, akainuka, na nadhani alitaka kunifariji tu.

"Raia!" akaniita.

"Naam," nikaitika, na neno likatoka bila taabu yoyote.